Pikapu ya Shemeji na Maziko ya Mjomba

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana pikapu ya dizeli na ana mdomo. Pikapu huharibika kila mara. Mdomo haujaharibika hata siku moja, na laiti ungekuwa unabeba abiria, mji mzima wa Bagamoyo ungekuwa umeshahiji na kurudi.

Kazi yake ni udalali wa viwanja. Huwachukua watu wa Dar es Salaam akawasimamisha katikati ya mikorosho na kuwaambia kwamba hapa bahari inaonekana, lami inapita mwakani, na umeme umeshapimwa. Wale maskini hutazama huku na huku, wakaona mikorosho tu. Lakini anavyonyoosha kidole, hata mimi niliyezaliwa hapa ningeapa nimeiona bahari. Mtu wa namna hiyo huzoea kuahidi mpaka ahadi ikawa inamtoka kama jasho. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Kwa miaka alikuwa akimwahidi mama yangu, mama mkwe wake, kwamba atampeleka Saadani akamwone kaka yake. Wiki ijayo, mama. Mvua zikikatika, mama. Nikishabadilisha matairi, mama. Mara ya kwanza mama alifunga kabisa furushi lake, kanga mpya na halua ya kumpelekea kaka. Ile halua tuliila wenyewe.

Mjomba ndiye ndugu pekee aliyekuwa amembakia mama. Alikwenda Saadani ujanani, akapata kazi ya ulinzi huko hifadhini, akaoa, akazaa, akastaafu, akawa haondoki tena. Miguu ilimvimba, gari hapandi. Mama naye nyonga yake mbovu, hawezi kujipandisha na kujishusha kwenye mabasi. Wakawa ndugu wa simu. Kila Ijumaa baada ya sala walipigiana, wakaongea kwa kelele kwa sababu masikio ya wote wawili yalikuwa yamepungua, na majirani zetu wote walijua habari za miguu ya mjomba. Kuonana, hawakuonana. Na kila mama alipoigusia safari, shemeji alikuwa na wiki ijayo yake tayari.

Asubuhi moja, mara baada ya alfajiri, simu ililia, na haikuwa Ijumaa. Mjomba amefariki, maziko ni leo leo baada ya adhuhuri. Mama hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akasema Inna lillahi, kisha akaniambia anataka kitu kimoja tu, auone uso wa kaka yake. Sikuhitaji maelezo. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Maiti huoshwa nyumbani, akavishwa sanda, ndugu wakaitwa kumtazama, kisha uso ukafunikwa na jeneza likatoka na wanaume. Likishavuka kizingiti, mwanamke aliyechelewa hana pa kumfuata. Kwa hiyo tulitakiwa tufike Saadani kabla ya adhuhuri, na kutoka Bagamoyo kwa njia ya Msata, ukitoka asubuhi na gari zima, unafika na nafasi ya kunywa maji.

Neno kubwa hapo ni gari zima.

Nimpe haki yake, shemeji alikuja upesi. Dada yangu alikuwa Unguja kwa mwanawe aliyejifungua, kwa hiyo tulikuwa watatu, yeye, mama na mimi. Tukajipanga mbele, na mimi nikakaa kati, gia ikiwa imenipita magotini, kwa sababu mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe. Mkwe humwita yeye mama, naye mama humwita mkwe baba. Shemeji akiingia nyumbani kwetu, mama hujifunika kichwa, huacha kula, na hata kama paa linavuja juu ya kichwa chake hatamwambia mkwe wake kwamba mvua inanyesha. Tangu dada aolewe sijamsikia akimtamkia shemeji neno gumu, wala hajaniruhusu mimi nilitamke mbele yake. Nikaketi pale katikati, mimi ndiye ukuta wa heshima, na ukuta hauna haki ya kusema.

Kabla hata hatujafika Msata niliona taa nyekundu inawaka chini ya usukani, ile yenye picha ya birika. Nafanya biashara ya samaki. Miaka yote napakia samaki na barafu kwenye malori madogo ya watu kupeleka Dar, na nimekaa kando ya madereva wa kila aina, wenye akili na wasio nazo. Taa ile naijua. Ni ya oili. Nikamwambia shemeji kwa upole kabisa kwamba kuna taa inawaka. Akacheka, akasema taa hiyo imezoea, inawaka tangu mwaka juzi, ni waya tu. Basi ndiyo hivyo, mtu mzima ameizoesha taa ya hatari kuwaka ovyo, ili siku hatari ikija kweli asiwe na namna ya kujua.

Na ilikuja. Tuliacha lami pale Mandera tukaingia njia ya vumbi, naye akaendesha anavyoongea, yaani bila kutazama mbele. Karibu na Miono jiwe likagonga chini ya gari, kishindo ambacho mama alikisikia licha ya masikio yake. Shemeji akasema hamna kitu. Tukaendelea. Taa ilikuwa inawaka kama ilivyozoea. Tulipoingia kijijini mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo kando ya njia akatupungia mikono yote miwili akionyesha nyuma yetu, nasi tukageuka tukaona mstari mweusi kwenye vumbi, umetufuata tangu kule. Shemeji akazima injini. Lau si mwanamke yule, ile injini ingeungua mpaka ikawa chuma chakavu, na shemeji hata shukrani hakumpa. Alimuuliza kwani yeye ni fundi.

Sasa mjue hali ilivyokuwa. Asubuhi ilikuwa bado changa. Saadani haikuwa mbali sana mbele yetu. Tundu lilikuwa moja, dogo, chini kwenye sampu, pale oili inapokaa. Kazi ilikuwa kuziba, kumimina oili mpya, kuwasha na kwenda. Lakini hapo ndipo wanaume walipokusanyika.

Sijui wanaume wetu hutoka wapi boneti ikifunguliwa. Kijiji unakiona kimelala, kuku wawili na mbuzi mmoja, lakini inua boneti tu, watakuja kutoka shambani, kutoka kitandani, kutoka kwa wake zao wanaowaita. Wakaja wale wa Miono, wakaamkiana kwanza kikamilifu, wakampa shemeji pole ya msiba, wakasoma Fatiha palepale viganja juu. Hayo yote ni mema na sina la kusema. Kisha wakainamia injini kama wanachungulia kisimani, na kila mmoja akawa na ugonjwa wake aliouona. Mmoja alisema ringi. Mwingine alisema pampu. Wa tatu alisema gari hili limetupiwa jicho, na shemeji, mpumbavu yule, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba kuna mtu duniani anayeweza kulihusudu gari lile.

Fundi aliyeletwa alikuwa fundi wa pikipiki. Mwanamume mzima, mwenye ndevu zake, na kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Akalala chini ya gari, akaomba sabuni ya mche. Hapo sikumdharau. Sabuni huziba, kila dereva wa huku anajua. Alimega kipande, akakifinyanga pamoja na nyuzi za gunia, akakishindilia kwenye tundu, na kweli oili ikakoma kudondoka. Shemeji akaagiza dumu la oili dukani, likaja. Hata mama alianza kujitengeneza buibui. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, na lau wangewasha wakati ule, nisingekuwa na hadithi.

Lakini fundi hakuridhika kuziba tundu tu mbele ya kadamnasi ile. Akatangaza kwamba oili ikimwagika huacha uchafu, lazima chujio la oili lifunguliwe litazamwe. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa gari nikimshikia mama mwavuli, na nikamwona kwa macho yangu akishika chujio ambalo si la oili. Alishika lile la juu, la dizeli. Alilizungusha kwa mikono miwili na kitambaa, likalegea, dizeli ikamchuruzikia mpaka kiwikoni. Akanusa mkono. Akasimama kidogo. Kisha akatazama kama kuna aliyemwona, akalirudisha haraka haraka, akalizungusha mara moja mbili, akajipangusa, akasema hili safi, halina neno. Loo! Mtu kafungua asichokijua, kakifunga nusu, na kwa haya ya kukiri mbele ya wenziwe akasema safi.

Ndipo akamimina oili, na shemeji akakaa kwenye usukani kwa madaha kama anazindua meli. Akawasha. Stata ilizunguka vizuri, injini ikazunguka, lakini haikushika. Akazungusha tena. Na tena. Hakuna. Moshi wenyewe haukutoka.

Hata mtoto wa dereva anajua maana yake. Injini ya dizeli ikizunguka na isitoe hata moshi, dizeli haifiki, na dizeli ikiwa tangini na haifiki, basi hewa imeingia njiani. Imeingia palepale alipolegeza yule bwana. Nimeona madereva wa samaki wakiishiwa dizeli porini, wakajaza, na gari likakataa mpaka hewa itolewe. Juu ya chujio kuna kidude cha kubonyeza kwa kiganja. Unakaza chujio, unabonyeza, unabonyeza mpaka kidude kinakuwa kigumu, na habari imekwisha. Hakuna uchawi wala ringi.

Nikasema. Nilisema kwa adabu, nikielekeza maneno kwa shemeji, kwamba chujio la dizeli limefunguliwa, huenda hewa imeingia. Fundi hata hakugeuka. Wale wengine walicheka kidogo, kicheko kile wanachokihifadhi kwa wanawake na wendawazimu. Shemeji akaniambia, "Shemeji, tuachie wanaume. Wewe mtazame mama." Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu lilikuwepo, tena limekamilika, lenye mkia. Mama akanifinya mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usinivunjie ukwe wangu mbele ya watu." Nikalimeza lile jibu. Mpaka leo liko hapa kooni.

Kuanzia hapo asubuhi ile ikaliwa na wapumbavu. Fundi alitafuta plagi ya cheche. Anaitafuta plagi ya cheche kwenye injini ya dizeli, isiyokuwa nayo! Aliinama akazunguka ile injini yote, akauliza plagi ziko upande gani, na shemeji, mwenye gari, aliyelimiliki miaka yote ile, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wakachokonoa waya za betri. Wakapuliza bomba. Mzee mmoja akashauri tusome Yasini kwanza. Kila baada ya ushauri shemeji alizungusha ufunguo, na kila alipouzungusha stata ilichoka zaidi, mpaka ikawa inaguna tu. Betri ikafa. Nikasonya kwa sauti, sikujali nani kasikia.

Wakati huohuo simu yake ilikuwa haiachi kulia. Watu wa Saadani walikuwa wanatungoja. Kila ilipolia alikwenda nayo pembeni, chini ya upenu wa duka, akazungumza huku mkono mwingine ukipaa hewani, na mimi nilisikia vipande tu. Tumekaribia. Tuko hapa hapa. Tunaingia sasa hivi, inshaallah. Hiyo inshaallah yake! Mungu mwenyewe aliwekwa dhamana ya uongo kando ya duka la sukari na viberiti. Kisha alirudi akamwambia mama asiwe na wasiwasi, wanamsubiri yeye. Mama akamjibu ahsante baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na yule mama wa mihogo, tasbihi mkononi, macho njiani.

Nilimwambia mama tutafute pikipiki tuende, nitamshikilia. Shemeji akasikia, akaja juu. Eti mama mkwe wake apakiwe kwenye pikipiki kama kiroba, watu wa Saadani wamwone anashushwa hivyo, yeye uso wake atauweka wapi. Angalieni mtu huyu. Siku ambayo mama anautafuta uso wa kaka yake, yeye anahangaikia wa kwake. Na nyonga ya mama kweli isingeweza pikipiki kirahisi, hilo nakubali. Lakini ningemfunga kwa kanga mgongoni mwangu, tungesimama kila mahali, tungefika. Mama alimtazama mkwe wake, akanitazama mimi, akasema tutangoja gari. Hakutaka kumwacha mkwe na gari lake bovu katikati ya njia, ingekuwa kama kumwambia hafai. Hafai ndiyo hali halisi, lakini hiyo huwezi kumwambia mkwe.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Wanaume wote, fundi, washauri, mzee wa Yasini na shemeji, wakajipangusa mikono wakaenda msikitini, na boneti wakaiacha wazi. Ilikuwa adhuhuri Miono, na ilikuwa adhuhuri Saadani. Alifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika.

Nikavua buibui nikaliweka kwenye kiti cha mbele. Nikapanda juu ya bampa, nikalishika lile chujio la dizeli kwa kanga, na wallahi lilicheza mkononi kama jino la mtoto. Nikalikaza kwa nguvu zote nilizo nazo, na mimi huinua matenga ya samaki, sichezi. Kisha nikakibonyeza kile kidude. Mwanzo kilikuwa laini, kinaingia bila kupinga, kinatoa sauti ya chefu chefu. Nikabonyeza. Kiganja kikaniuma, nikabadili mkono. Mama wa mihogo alikuja akasimama karibu yangu, akanitazama, naye hakucheka. Mwisho kidude kikaanza kuwa kizito, kikawa kizito zaidi, kikagoma kabisa kama jiwe. Dizeli imejaa. Sikuhitaji kitu kingine duniani ila ufunguo.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemeji, na shemeji alikuwa msikitini.

Nimewahi kumngoja mume aliyechelewa na daktari aliyechelewa, lakini sijawahi kumngoja mtu kwa chuki kama nilivyomngoja yule. Wakatoka kwa upole, mmoja mmoja, wakisalimiana tena mlangoni na kutafuta viatu. Nikamfuata nusu ya njia nikamwambia awashe, nimeshatoa hewa. Akaniangalia mikono iliyojaa dizeli, akaona haya kwa niaba yangu, akaniambia nikanawe. Nikamwambia awashe. Sijui aliona nini machoni mwangu, lakini akautoa ufunguo. Kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, akawaambia wale wanaume wasukume, wakasukuma kwenye kile kiteremko cha shule, akaachia klachi, injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Ikanguruma vizuri kabisa. Wanaume wakapiga takbiri.

Na shemeji akatoa kichwa dirishani akawaambia, "Mnaona? Ilitaka kupumzika tu."

Ilitaka kupumzika. Wakacheka, wakamsifu, fundi akapeana naye mkono. Mama akapandishwa, na alipokaa akasema alhamdulillahi, mkwe wangu ana mkono wa baraka. Nikavaa buibui langu juu ya dizeli ile, nikakaa katikati, gia magotini, na harufu yake ikanipanda mpaka kichwani njia nzima. Ile sabuni ilishika mpaka mwisho, hata hilo nalisema. Kilichowekwa na fundi kwa kazi anayoijua kilishika.

Tukapita Mkange na shemeji hakunyamaza. Alieleza jinsi injini ya dizeli inavyotaka subira, na kwamba mtu asiyejua angeliua gari pale. Mama alikuwa ameinama mbele, mkono kwenye dashibodi, kana kwamba anaisukuma njia. Aliniuliza mara moja tu kama huko wangeweza kungoja. Nikamwambia watangoja. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na lingine la kumpa.

Tulipoingia Saadani tulikutana na wanaume wanarudi. Walikuwa wanatembea makundi makundi, kanzu zimekunjwa, wengine na majembe begani, udongo kwenye magoti. Hakuna aliyetusimamisha wala aliyetueleza. Shemeji akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani kuwaamkia. Mama akaondoa mkono kwenye dashibodi akauweka mapajani.

Nyumba ya mjomba ilijaa wanawake. Walimpokea mama mlangoni, wakalia naye, wakamwingiza chumba alichooshewa kaka yake. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na chini ule ufuo uliochimbwa kupokea maji ya kuoshea maiti ulikuwa umeshafukiwa, udongo wake mbichi bado. Mama akakaa juu ya mkeka, karibu kabisa na udongo ule. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wanampa shemeji pole ya njia, na yeye alishaanza kusimulia.

Mtoto mkubwa wa mjomba akaingia kumwamkia mama. Ni mtu mzima, karibu atapata wajukuu. Akapiga goti, akambusu mkono, akasema shikamoo shangazi, naye akaitikia marahaba mwanangu. Kisha akasema, bila kulaumu, kwa kushangaa tu, "Shangazi, mbona hamkutaka nije kukuchukua? Nilipata gari la jirani tangu asubuhi. Shemeji aliposema mmesimama Miono nikamwambia nakuja. Nilipopiga tena nikiwa natoka, akasema nisijisumbue, gari limeshawaka, mmeshapita Mkange."

Nikamwona mama akiyapokea yale maneno. Hakushtuka. Aligeuka taratibu akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia sikujua.

Nikasimama. Lile jibu nililolimeza Miono lilikuwa limepanda lote, na mengine nyuma yake, na nilikuwa nakwenda kulitoa pale chini ya turubai mbele ya watu wazima wote wa Saadani, ukwe na msiba vingejitazama vyenyewe. Mama akanishika kifundo cha mguu. Nikasema hata leo, mama? Hata leo ni ukwe?

"Si ukwe," akasema. "Unapiga kelele, na mimi nataka kusikia."

Akamgeukia mtoto wa kaka yake. Akamuuliza nani alimwosha. Akajibu kwamba ni yeye mwenyewe na wazee wawili. Akamuuliza alikuwaje. Mtoto wa mjomba, kwa kutaka kumtuliza, akasema alikuwa kama amelala. Mama akatikisa kichwa.

"Sikuulizi hayo. Ndevu zake."

"Nyeupe, shangazi. Zote."

"Hata za kidevuni?" Akajigusa kidevu chake. "Mimi namjua na ndevu nyeusi."

Yule mtu akainamisha kichwa. Akasema zilianza kuwa nyeupe zamani, na kwamba alikuwa amekonda mashavu, na jino la mbele lilikuwa limetoka. Alisema haraka haraka, anataka kumaliza. Mama akamshika mkono, akamvuta akae chini kwenye mkeka mbele yake, akafumba macho.

"Polepole, mwanangu," akamwambia. "Anza na paji la uso."